Draiva mbili zikigombana ndani ya kompyuta pepe: pa kuanzia kutafuta

Swali: Niko katika idara ya teknolojia ya Sacco moja hapa Nairobi. Tumewahamisha wahudumu wa kaunta kutoka kompyuta za kawaida hadi kompyuta pepe za Windows 11 zinazokaa kwenye seva za makao makuu, na zinazofutwa na kurudi katika hali ya mwanzo kila zinapowashwa upya. Kila programu nimeifungasha kwenye tabaka lake, yaani kifurushi cha diski kinachoibeba peke yake, na tabaka hupachikwa mhudumu anapoingia. Programu ya akaunti za wanachama huja na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa) ya printa ya risiti, na ile ya kuwatambua wanachama huja na draiva ya kisomaji cha alama za vidole. Kila tabaka likiwa peke yake, kazi inaenda. Nikimpa mhudumu matabaka yote mawili, kisomaji kinaonyesha kosa la Code 39, na siku nyingine ni printa inayopotea. Mashine kadhaa zimeanguka kwa skrini ya buluu. Nitajuaje draiva ipi ina makosa? Na je, nifungashe upya programu zote?

Jibu: Umeniwekea ufunguo katikati ya swali lako: kila tabaka likiwa peke yake, kazi inaenda. Draiva iliyoharibika, au isiyoelewana na Windows 11, ingegoma hata ikiachwa peke yake. Kwa hiyo kabla hujampigia simu aliyewauzia kisomaji, chunguza kwanza ufungashaji wenyewe. Nashuku kwamba tabaka moja linaandika juu ya vitu vya jingine, na draiva zenyewe hazina ugomvi wowote.

Sababu ni kwamba draiva haifungashiki kama programu. Programu ya kawaida huishi upande wa mtumiaji: ikiomba faili fulani, chombo cha kufungasha kinaweza kuidanganya na kuipa faili iliyo ndani ya tabaka lake, nayo haitajua tofauti. Draiva nyingi za vifaa huishi kwenye keneli, kiini cha Windows, na keneli ni moja kwa mashine nzima. Haina toleo la mhudumu huyu na toleo la mhudumu yule. Hata zile chache zinazoendeshwa upande wa mtumiaji, baadhi ya visomaji vya vidole vikiwemo, bado husajiliwa kwenye orodha ileile moja ya mashine. Ndiyo maana App-V, zana ya zamani ya Microsoft ya kufungasha programu, haikuwahi kubeba draiva za vifaa, na MSIX, mfumo wake mpya wa ufungashaji, haizikubali hadi leo. Mtu akikwambia kwenye mkutano kwamba dawa ni kuhamia MSIX, mwambie utaishia kusakinisha draiva kando vilevile.

Zana za matabaka ni tofauti kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Hizo hunasa kila kilichobadilika kwenye diski na kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, wakati wa ufungashaji. Zinanasa na draiva pia, bila kulalamika, kisha zinakuonyesha alama ya kijani. Lakini kunasa alama zilizoachwa na usakinishaji si sawa na kusakinisha. Kampuni ya Citrix katika maelekezo ya App Layering, zana yake ya matabaka, inasema wazi kwamba programu yenye draiva inayotumia hazina ya draiva za Windows, mfano draiva ya printa, haifai kuwekwa kwenye tabaka linalopachikwa wakati wa kuingia. Hata kama zana yenu ni nyingine, sababu haibadiliki.

Sasa tuingie kwenye hazina hiyo, maana naamini tatizo lako kubwa limelala humo. Ukisakinisha draiva, Windows huhifadhi kifurushi chake chini ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, kisha hunakili faili yake ya .inf, yenye maelekezo ya usakinishaji, kwenye C:\Windows\INF na kuipa jina jipya: oem0.inf, oem1.inf, oem2.inf, na kuendelea. Namba hutolewa kwa zamu, ile inayofuata ambayo haijachukuliwa. Wewe bila shaka ulifungasha printa kwenye mashine safi, ukairudisha mashine hiyo katika hali yake ya mwanzo, kisha ukafungasha kisomaji. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa kufanya. Matokeo yake ni kwamba draiva zote mbili zilipewa namba moja, tuseme oem7.inf. Ni kama watu wawili wamefika Huduma Centre siku mbili tofauti, kila mmoja akapewa tiketi namba 7, halafu wote wakaketi kwenye benchi moja siku ya tatu. Namba ikiitwa, anayesimama ni mmoja tu.

Kwenye mashine ya mhudumu, matabaka yakipachikwa pamoja, oem7.inf inayobaki ni ya tabaka lenye kipaumbele. Na kwa kuwa kompyuta zenu pepe zinafutwa kila zinapowashwa upya, kisomaji kikivushwa kutoka kaunta hadi mashine pepe Windows hukiona kama kifaa kigeni, na hurudi kusoma .inf ili kukisajili. Inafungua oem7.inf na kukuta habari za printa ya risiti. Kama zana yenu haijawekewa mpangilio thabiti wa matabaka, leo itashinda hii na kesho ile. Hilo linaeleza kwa nini mwathiriwa hubadilika siku hadi siku.

Kuthibitisha ni rahisi. Chukua mashine yenye tabaka la kisomaji pekee, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, kisha nakili jina lililotolewa na jina la asili la kila draiva. Fanya vivyo hivyo kwenye mashine yenye tabaka la printa pekee. Weka orodha mbili ubavu kwa ubavu. Ukiona oem ya namba moja yenye majina mawili tofauti ya asili, umempata. Kisha kwenye mashine yenye matabaka yote mawili fungua C:\Windows\INF\setupapi.dev.log, shuka hadi saa kisomaji kilipochomekwa, na utafute mistari yenye alama tatu za mshangao, !!!. Hivyo ndivyo Windows huwekea makosa alama katika faili hiyo, na kwa kawaida hutaja jina la .inf iliyoishinda. Faili hiyo ni ndefu na inachosha, lakini haisemi uongo, na kuisoma kunakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Code 39 inanielekeza mahali pengine pia. Maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kuipakia draiva kwenye kumbukumbu: faili haipo, imeharibika, au imezuiwa. Baadhi ya draiva za USB, pamoja na wakala wa kompyuta pepe wenyewe anayevusha vifaa vya USB, hujiweka kama vichujio, yaani draiva saidizi, juu au chini ya draiva nyingine. Majina ya vichujio hivyo hukaa kwenye rejista chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Class, katika thamani zinazoitwa UpperFilters na LowerFilters. Zingatia kwamba thamani hiyo ni orodha: ndani yake mnaweza kuwa na majina matatu au manne. Kisakinishi chenye adabu huongeza jina lake mwishoni na kuwaacha wenzake. Zana ya matabaka haioni orodha. Inaona thamani moja iliyobadilika, inaibeba nzima, na tabaka la juu hufuta lote la chini.

Hapo mambo mawili yanaweza kutokea. Ama kichujio kinachohitajika kinatoweka kwenye orodha, au jina linabaki kwenye orodha ilhali faili yake ya .sys, ambayo ndiyo draiva yenyewe, iko kwenye tabaka ambalo mhudumu huyu hakupewa. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu Windows inaweza kukataa kuwasha kila kifaa cha kundi hilo, hata kisichohusika. Endesha amri hii kwenye mashine tatu, ya kisomaji pekee, ya printa pekee na ya vyote viwili, kisha linganisha:

reg query "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Class" /s /f UpperFilters

Rudia kwa LowerFilters. Ukipata jina yatima, ondoa jina hilo pekee. Tafadhali usifuate ushauri unaozagaa wa kufuta thamani nzima ya UpperFilters. Kwenye kundi la kibodi kuna kbdclass, ambayo ni halali kabisa, na ukiifuta utabaki na mashine isiyoandikika. Ugonjwa huohuo wa orodha kubebwa nzima huikumba ProviderOrder, chini ya NetworkProvider\Order, kwa hiyo kama mna programu ya VPN kwenye tabaka, pitia na hapo.

Code 39 ina mzizi mwingine ambao kwako naupa uzito mdogo. Windows 11 ina ulinzi unaoitwa Memory Integrity, na tangu sasisho la mwaka 2022 orodha ya Microsoft ya draiva zenye udhaifu unaojulikana huwa imewashwa tangu mwanzo. Draiva za zamani, hasa za vifunguo vya USB vya leseni, hukwama hapo. Kisomaji chako kinafanya kazi kikiwa peke yake, kwa hiyo sidhani kama ni hilo, isipokuwa kama mashine uliyojaribia haina mipangilio sawa na zile za kaunta. Angalia logi ya Microsoft-Windows-CodeIntegrity/Operational kwenye mashine ya kaunta. Ikiwa draiva ilizuiwa, imeandikwa humo kwa jina.

Dawa ninayokushauri ni kuzitoa draiva kwenye matabaka na kuzihamishia kwenye imeji mama, yaani nakala moja ya Windows ambayo kompyuta pepe zote huzaliwa kutokana nayo. Najua utasema sababu ya kuchagua matabaka ilikuwa kuiacha imeji mama ikiwa safi. Hoja hiyo ni ya kweli kwa programu, maana programu ya akaunti hubadilika kila mara. Draiva ya kisomaji ni faili chache ambazo hazibadiliki mara kwa mara, na Windows ndiyo inayopaswa kuzigawia namba. Kwenye mashine ambayo kisomaji kinafanya kazi, andika pnputil /export-driver oem7.inf C:\Draiva\Kisomaji, ukiweka namba yako halisi na baada ya kuunda folda hiyo. Utapata .inf, .cat (yenye sahihi ya mchapishaji) na .sys bila mbwembwe za kisakinishi cha muuzaji. Kwenye imeji mama, iingize kwa pnputil /add-driver ikifuatiwa na njia ya .inf na /install. Kisha ingiza ya printa kwa njia hiyohiyo, mashine ikiwa ileile, bila kuirudisha nyuma katikati. Kila moja itapata namba yake.

Usakinishaji wa kimyakimya ukiganda bila kusema lolote, mara nyingi kuna kisanduku kinachouliza kama unamwamini mchapishaji, nacho kimefunguka mahali ambapo hakuna jicho la kukiona. Toa cheti cha mchapishaji kwenye faili ya .cat na ukiweke kwenye hifadhi ya Trusted Publishers ya mashine kabla ya kuingiza draiva.

Baada ya hapo fungasha upya programu hizo mbili juu ya imeji mama mpya, na kama kisakinishi kina kisanduku cha draiva, kiondolee alama. Ukimaliza, lipekue tabaka kabla ya kulisambaza. Ukikuta oem yoyote ya .inf ndani yake, au .sys kwenye System32\drivers, kisakinishi kimekuzunguka, rudia.

Kuhusu printa nina neno zaidi, kwa sababu huenda huhitaji draiva yake kabisa. Printa nyingi za risiti zinaelewa ESC/POS, lugha ya amri iliyobuniwa na Epson, na programu nyingi za kaunta huandika amri hizo zenyewe: chapisha mstari huu, kata karatasi, fungua droo. Muulize muuzaji swali moja tu: programu hutuma ESC/POS moja kwa moja, au huchora risiti kupitia draiva ya Windows? Kama ni la kwanza, draiva ya Generic / Text Only, ambayo Windows inayo tayari, inatosha, na umepunguza mgomvi mmoja. Kama ni la pili, weka draiva ya mtengenezaji kwenye imeji mama. Usitegemee draiva ya jumla inayoletwa na mfumo wa kompyuta pepe. Hiyo hugeuza risiti kuwa ukurasa wa picha, na amri ya kukata karatasi hupotelea njiani. Wahudumu watakuwa wakichana risiti kwa mkono.

Printa inayopotea mhudumu anapoingia inaweza pia kuwa na sababu isiyohusiana na namba za oem. Baada ya udhaifu ulioitwa PrintNightmare mwaka 2021, Microsoft ilibadilisha Windows kwenye sasisho la Agosti mwaka huo: mtumiaji asiye msimamizi hawezi tena kuvuta draiva mpya ya printa kutoka kwenye seva. Draiva isipokuwepo ndani ya mashine tayari, printa haiji, na mara nyingi mhudumu haoni ujumbe wowote. Sababu nyingine tena ya kuiweka kwenye imeji mama. Na kama mna printa za aina mbili kutoka kwa mtengenezaji mmoja, jua kwamba draiva za toleo la 3 huweka faili zao zote kwenye folda moja, spool\drivers\x64\3. Faili za DLL (vipande vya programu vinavyoshirikiwa) zenye jina moja lakini toleo tofauti hukanyagana humo. Tumia toleo moja la draiva kwa zote mbili.

Kama tawi lolote bado lina printa ya zamani yenye waya wa siriali, angalia kibadilishi cha USB kilichonunuliwa mjini. Vile vya bei poa wakati mwingine hubeba chipu bandia. FTDI, mtengenezaji wa chipu halisi zinazoigwa, aliwahi mwaka 2014 kutoa draiva iliyofuta utambulisho wa chipu bandia zikaacha kutambulika. Ukikuta kaunta moja tu inasumbua na nyingine zote ni nzima, badilisha waya kabla ya kugusa imeji.

Skrini ya buluu nimeiacha nyuma makusudi, kwa kuwa nadhani ni kesi nyingine. Namba za .inf zikigongana, kifaa hakiwaki. Mashine haianguki kwa sababu hiyo. Mashine ikianguka, kitu kimekosea ndani ya keneli, na mshukiwa wangu wa kwanza ni vichujio vya mfumo wa faili. Andika fltmc filters kwenye mojawapo ya mashine hizo. Utaona wakala wa matabaka, FSLogix kama mnaitumia kwa wasifu wa wahudumu, na antivairasi, zote zikiwa zimejipanga juu ya kila faili inayofunguliwa. Antivairasi ni lazima iwe kwenye imeji mama, kamwe isiwe kwenye tabaka, na iambiwe isikague faili za VHD na VHDX ambazo wasifu hukaa ndani yake. Uzito wa draiva ya keneli dunia iliuona tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft.

Kuna tatizo la ushahidi pia. Mashine pepe inayofutwa ikiwashwa upya hufuta na faili ya kumbukumbu ya ajali iliyokuwa C:\Windows\Minidump. Unafika asubuhi, mhudumu anakwambia ilianguka jana, na mashine iko safi. Tenga mashine moja au mbili zisizofutwa, zipe matabaka yaleyale, na wape wahudumu wanaopatwa na tatizo mara nyingi. Ikianguka, fungua faili hiyo kwa WinDbg, zana ya Microsoft ya kuchambua ajali kama hizo, na uandike !analyze -v, mara nyingi jina la draiva litatokea, ingawa wakati mwingine anayetajwa ni aliyekanyagwa na si aliyekanyaga. Driver Verifier, zana ya Windows inayozijaribu draiva kwa ukali, ni msaada mkubwa hapo, ila iwashe kwenye mashine ya majaribio yenye snapshoti ya kuirudishia tu. Kazi yake ni kuiangusha mashine haraka ili mkosaji aonekane.

Kuhusu swali lako la pili: hapana, usifungashe upya programu zote. Pekua matabaka mengine kwa kutafuta .sys na oem ya .inf, lisilo nazo liache lilivyo. Utakutana na kitu kinachoitwa draiva ya ODBC, inayounganisha programu na hifadhidata, kwenye programu za ripoti, nacho kisikutishe. Hiyo ni DLL ya upande wa mtumiaji na inakaa vizuri ndani ya tabaka. Hakikisha tu kwamba programu ya biti 32 imepewa ODBC ya biti 32, na ukumbuke kwamba dirisha la kuipanga liko SysWOW64 wakati la biti 64 liko System32, yote mawili yakiwa na jina moja, odbcad32.exe.

Imeji mpya ikiwa tayari, ianzishe kwenye tawi moja katikati ya mwezi, kwa kaunta mbili, ukiacha kaunta zilizobaki kwenye imeji ya zamani. Mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia na foleni ikifika mlangoni, usiguse chochote.